Prostati iliyokua: njia za kutibu bila kufungua tumbo, na mgonjwa gani zinamfaa

Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, mtu akisema "muzee ule iko na prostate", kila mtu anaelewa. Mzee anaamka usiku mara nne ao tano, anasimama muda mrefu chooni, na mkojo unatoka matone kwa matone. Lakini maneno yale yanadanganya kidogo. Kila mwanaume ana prostati tangu kuzaliwa. Ugonjwa unaanza pale inapokua na kubana njia ya mkojo.

Kwa miaka mingi familia nyingi zimejua njia mbili tu: kufunguliwa tumbo, ao kuishi na sonde na mfuko wa mkojo chini ya suruali. Kati ya hizo mbili kuna njia zingine. Kuna dawa, kuna operesheni zinazopita ndani ya njia ya mkojo, na tangu miaka ya karibuni kuna matibabu mepesi ambayo mgonjwa anaweza kurudi nyumbani siku ileile. Si zote zinapatikana karibu, na si zote zinamfaa kila mzee. Kuzijua kunasaidia kuuliza maswali mbele ya kuuza shamba ao ng'ombe.

Prostati ni nini, na kwa nini inakua

Prostati, ambayo vitabu vya Kiswahili vinaiita tezi dume, ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji ya uzazi. Mrija wa mkojo unapita katikati yake, sawa na kamba inayopita ndani ya ushanga. Ndiyo sababu prostati ikikua, mrija unabanwa.

Ukuaji huu unatokana na umri na homoni za kiume. Karibu nusu ya wanaume wenye miaka 51 hadi 60 wana prostati iliyoanza kukua, na kwa wale waliopita miaka 80 ni wengi sana, wanane ao zaidi kwa kumi. Si wote wanaosumbuliwa. Kuna mwenye prostati kubwa anayelala vizuri, na kuna mwenye prostati ya wastani anayeteseka, kwa sababu kinachohesabiwa ni jinsi inavyobana.

Mambo matatu yaeleweke vizuri. Ukuaji huu si kansa, na haugeuki kuwa kansa, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Si ugonjwa wa zinaa. Na si sumu wala kulogwa, hata kama umeanza mara tu nyuma ya ugomvi wa mipaka ya shamba.

Dalili za kawaida, na zile zisizongoja

Mzee anaanza kuona mkojo unachelewa kutoka, unatoka bila nguvu, unakatika na kurudi. Akimaliza anajisikia bado kibofu kimejaa. Usiku anaamka mara nyingi. Mara zingine haja inamkamata ghafla na anachafua nguo mbele ya kufika chooni. Wengi wananyamaza juu ya haya. Wengine wanaacha kwenda kanisani ao kwenye msikiti, wanaogopa safari ndefu ndani ya basi, wanaacha kunywa maji. Familia inasema: "Njo uzee." Uzee upo, ndiyo, lakini kuna matibabu.

Dalili zifuatazo zinadai kufika kwenye kituo cha afya siku ileile, hata usiku:

- Mkojo kuziba kabisa, tumbo la chini linajaa na kuuma sana. Hii ni dharura. Muuguzi ao munganga anaweka sonde na mgonjwa anapumua. Kunywa maji mengi ao dawa za miti ili "kusukuma" mkojo kunaongeza maumivu tu.
- Mkojo wenye damu nyingi ao mabonge ya damu.
- Homa na baridi kali pamoja na shida ya kukojoa.
- Mkojo unaojitokea wenyewe usiku bila mgonjwa kujua, na miguu ao uso kuvimba. Hapo inawezekana kibofu kimejaa kwa muda mrefu na figo zimeanza kuumia. Hali hii ni ya hatari kwa sababu mara nyingi haiumi.

Pombe nyingi, iwe bia, kasiksi ao lutuku, inaweza kuziba mkojo kwa ghafla kwa mtu ambaye prostati yake tayari inabana. Kuwa na choo kigumu pia kunaweza kuleta jambo hilo, na vilevile dawa kadhaa za mafua, hasa zenye pseudoefedrini, na dawa za mzio zinazoleta usingizi. Mzee akinunua dawa za mafua farmasi, aseme kwanza kama ana shida ya prostati.

Vipimo mbele ya kuchagua matibabu

Munganga anaanza kwa maswali. Duniani kote wanganga wanatumia orodha ya maswali saba yenye alama kuanzia 0 hadi 35. Alama 0 hadi 7 ni shida ndogo, 8 hadi 19 ni ya wastani, 20 na zaidi ni kubwa. Kuna swali la nane, nalo ni la maana sana: mgonjwa angejisikiaje kama angeishi hivi maisha yake yote?

Kisha anapima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Wanaume wengi wanaogopa kipimo hiki na kukiona ni aibu. Kinachukua muda mfupi kuliko kunyoa ndevu, na kinamwonyesha munganga ukubwa wa prostati na kama kuna sehemu ngumu inayoleta wasiwasi wa kansa.

Vingine ni kupima mkojo, kupima kreatinini kwenye damu ili kujua hali ya figo, na ekografi. Ekografi inaonyesha prostati ina ukubwa gani, na baada ya mgonjwa kukojoa, inaonyesha mkojo kiasi gani umebaki kibofuni. Namba hizo mbili ndizo zinazoongoza uchaguzi wa matibabu, kwa hiyo karatasi ya ekografi itunzwe.

Kipimo cha damu kinachoitwa PSA kinasaidia kutafuta kansa, lakini kisisomwe peke yake. PSA inapanda pia mtu akiwa na maambukizo, akiwa ametoka kuziba mkojo, ao akiwa amewekwa sonde karibuni. Ndiyo maana munganga anaweza kuomba kurudia kipimo baada ya majuma kadhaa.

Vipimo hivi ni vya lazima kwa sababu nyingine: si kila mkojo unaoziba unatokana na prostati. Kuna mrija uliobanwa na kovu la kisonono cha zamani ao la kuumia, kuna kisukari, kuna mawe ya kibofu. Matibabu ya prostati hayatamponya mwenye kovu kwenye mrija.

Dawa: hatua ya kwanza kwa wengi

Kama figo ni nzima na dalili si kali, munganga anaweza kushauri kungoja na kubadili mazoea: kupunguza vinywaji jioni, kupunguza kahawa na pombe, kukojoa mara mbili kwa kufuatana mbele ya kulala.

Dalili zikisumbua, dawa za kundi la kwanza ni tamsulozini, alfuzosini na ndugu zake. Zinalegeza misuli ya prostati na shingo ya kibofu. Msaada unaonekana ndani ya siku chache ao majuma machache. Zinaweza kuleta kizunguzungu, kwa hiyo mzee asisimame haraka kutoka kitandani. Mtu anayetumia pia vidonge vya nguvu za kiume vinavyouzwa barabarani amwambie munganga, kwa sababu vikichanganywa presha inaweza kushuka sana.

Kundi la pili ni finasteridi na dutasteridi. Zinapunguza prostati yenyewe, kama sehemu moja kwa tano hadi moja kwa nne, lakini zinachukua miezi sita hivi. Zinafaa zaidi prostati kubwa. Zinashusha PSA karibu nusu, kwa hiyo anayepima damu lazima ajue mgonjwa anazitumia. Kwa wengine zinapunguza hamu ya ndoa. Mwanamke mwenye mimba asishike vidonge vilivyovunjika.

Na dawa za miti? Watu wa Kivu wana sababu ya kuuliza. Gome la mti wa Prunus africana, unaoota katika misitu ya milima yetu, limesafirishwa miaka mingi kwenda Ulaya kutengenezwa vidonge vya prostati. Uvunaji ulikuwa mkubwa hata mti ukawekwa mwaka 1995 kwenye orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake inachungwa. Utafiti uliofanywa ulionyesha nafuu kidogo kwenye dalili, lakini mwingi ulikuwa wa wagonjwa wachache na wa muda mfupi. Gome haliondoi kizuizi, wala haliokoi figo zilizoanza kuumia.

Operesheni zinazojulikana

Kufungua tumbo la chini na kutoa sehemu ya prostati iliyokua ni operesheni yenye zaidi ya miaka mia moja. Bado inafanya kazi vizuri, hasa prostati ikipita gramu 80, na haidai mashine za gharama kubwa. Ubaya wake ni damu nyingi kupotea, kidonda, na siku nyingi hospitalini.

Ya pili inapita ndani ya mrija wa mkojo, bila kisu juu ya ngozi. Munganga anaingiza chombo chenye taa na waya wa umeme, anakata prostati vipande vidogo na kuviosha vitoke nje. Wanganga wanaiita RTUP kwa Kifaransa ao TURP kwa Kiingereza. Inafaa zaidi prostati ya gramu 30 hadi 80. Mara nyingi mgonjwa anabaki na sonde siku chache kisha anarudi nyumbani. Hii ndiyo operesheni ambayo njia zote mpya zinalinganishwa nayo.

Ya tatu ni laza. Njia inayoitwa HoLEP iliendelezwa katika miaka ya 1990 huko Nyuzilandi. Laza inamenya sehemu iliyokua kutoka kwenye ganda lake, sawa na kutoa nyama ya chungwa ndani ya maganda, tena bila kufungua tumbo. Inaweza hata prostati kubwa sana, na damu inayopotea ni kidogo. Lakini inadai mashine ya bei kubwa na munganga aliyejifunza kwa muda mrefu.

Wanaume wanaogopa operesheni hizi "zitamaliza ubaba". Kwa wengi nguvu za kusimama zinabaki. Kinachobadilika kwa walio wengi, katika operesheni zote tatu, ni kwamba wakati wa tendo la ndoa maji hayatoki nje. Yanarudi kibofuni na kutoka baadaye na mkojo. Hayana madhara, lakini anayetaka bado kuzaa ajue mapema.

Njia nyepesi zaidi

Njia zifuatazo ni mpya zaidi. Zinafanyika kwa anestezi ndogo ao bila kulaza mgonjwa usingizi mzito, na nyingi zinachunga maji ya uzazi.

*Mvuke wa maji (Rezum).* Munganga anapitisha chombo ndani ya mrija na kuchoma sindano ndogo kwenye prostati. Kila mara anaingiza mvuke kwa sekunde 9. Joto linaua sehemu iliyozidi, na mwili unaiondoa polepole. Kwa hiyo nafuu haiji siku ileile: mgonjwa anabaki na sonde siku kadhaa, na matokeo mazuri yanaonekana baada ya majuma hadi miezi mitatu. Njia hii ilijaribiwa zaidi kwa prostati za gramu 30 hadi 80. Katika utafiti uliofuata wagonjwa miaka mitano, kama 4 kwa 100 walihitaji operesheni tena.

*Vishikizo (UroLift).* Hapa hakuna kinachokatwa wala kuchomwa. Vishikizo vidogo vinavuta pande mbili za prostati ziachane, kama mapazia yanavyofungwa pembeni ya dirisha. Nafuu inakuja haraka na wengi hawahitaji sonde siku nyingi. Lakini haifai prostati kubwa sana, na umbo la prostati linaweza kuikataza, hasa ikiwa sehemu ya katikati imeingia kibofuni. Nguvu yake kwenye mkojo ni ndogo kuliko ya RTUP, na ndani ya miaka mitano kama 14 kwa 100 walihitaji kutibiwa tena.

*Waya wa muda (iTind).* Kifaa cha waya kinawekwa ndani ya mrija kwa siku 5 hadi 7, kinapanua njia, kisha kinatolewa. Hakuna kitu kinachobaki mwilini.

*Kuziba mishipa ya damu ya prostati.* Munganga wa radiolojia anaingia kupitia mshipa wa paja ao wa mkono, anafika mpaka kwenye mishipa inayolisha prostati, na kuiziba kwa chembe ndogo sana. Prostati inakosa damu na kupungua kwa miezi. Wanganga wa São Paulo, Brazili, ni kati ya waanzilishi wa njia hii. Inaweza kumfaa mzee mwenye prostati kubwa ambaye moyo wake ao dawa zake za kufanya damu iwe nyepesi zinazuia operesheni. Inadai mashine maalumu ya kuona mishipa, na mishipa iliyokauka kwa uzee inaweza kuizuia.

Nyepesi haina maana kwamba ni bora kwa kila mtu

Mwanaume wa miaka 58, prostati ya wastani, figo nzima, aliyechoka na vidonge na anayetaka kubaki na uwezo wa kuzaa, ndiye hasa njia nyepesi zilitengenezwa kwa ajili yake. Mzee wa miaka 75 mwenye prostati ya gramu 130, aliyeziba mkojo mara tatu na figo zimeanza kuumia, anahitaji kizuizi kitolewe kabisa. Kwake operesheni ya kawaida ao laza ni salama zaidi kuliko kulipia mvuke mbali na kurudi na sonde.

Kuna jambo lingine ambalo mara nyingi halisemwi. Katika operesheni ya kawaida vipande vilivyotolewa vinapelekwa labo kuangalia kama hakuna kansa. Katika mvuke, vishikizo, waya na kuziba mishipa, hakuna kipande kinachotoka. Kwa hiyo kansa lazima itafutwe vizuri mbele ya kuanza.

Hapa kwetu

Katika mikoa ya mashariki, operesheni ya kufungua tumbo ndiyo inayofanyika zaidi, kwa sababu vyombo vya njia zingine ni vichache. Njia ya kawaida ni kuanzia kituo cha afya, kisha hospitali kuu ya zone ya afya, kisha hospitali ya mji yenye munganga wa magonjwa ya mkojo. Wengine wanavuka mpaka kwenda Kigali, Kampala ao Nairobi. Barabara mbovu, vita na gharama vinafanya wazee wengi wachelewe, na wengi wanafika hospitali siku ya kuziba mkojo.

Hapo wanawekwa sonde, na wengi wanarudi nayo nyumbani "mpaka feza ipatikane". Miezi inapita. Sonde inaokoa maisha, lakini haitibu prostati. Sonde ya kawaida ya mpira ibadilishwe karibu kila majuma manne, kwa mikono safi na chombo kipya. Mfuko ukae chini ya kiwango cha kibofu, usiburute chini. Mgonjwa anywe maji ya kutosha. Homa, maumivu ya mgongo upande wa figo, ao sonde kuacha kutiririsha, ni sababu ya kurudi kituoni mara moja. Na siku sonde inapowekwa, familia iulize: itatolewa lini, na mpango ni upi? Kuna wagonjwa ambao baada ya siku chache za dawa ya kulegeza misuli, sonde inatolewa na wanakojoa tena wenyewe.

Maswali ya kuuliza mbele ya kulipa

- Prostati ina gramu ngapi, na mkojo unaobaki ni kiasi gani?
- Figo ziko namna gani? Kansa imetafutwa?
- Kwa nini njia hii na si nyingine? Dawa zimejaribiwa?
- Munganga mwenyewe amefanya njia hii mara ngapi? Kukiwa na damu nyingi usiku, nani atabaki?
- Fakitire inahesabu nini: vipimo, anestezi, kitanda, sonde, damu, labo ya vipande, kurudi kuonwa? Mituweli ya afya inalipa sehemu gani?
- Kama ni mbali ao ng'ambo ya mpaka, nani atamfuata mgonjwa akirudi nyumbani?

Mzee anayeulizwa mapema ana nafasi ya kuchagua kati ya dawa, mvuke na operesheni iliyopangwa. Anayefichwa mpaka figo ziharibike anabaki na njia moja tu, tena ya haraka na ya gharama. Mtoto ao bibi anayemsikia baba akiamka mara nne usiku anaweza kuanza kwa swali dogo: "Baba, mkojo unakusumbua tangu lini?" Kisha wamsindikize kituoni pamoja, na karatasi zote za vipimo mkononi.